Ngao ya Mdogo: Juu ya Usawa wa Kura katika Shirikisho

Vijana wetu wa sekondari hupenda kuniuliza maswali ya uraia, wakijua ya kuwa mwalimu hastaafu kinywa. Swali moja limerudi mara nyingi tangu mwaka 2016. Marekani, wanasema, hujiita mwalimu wa demokrasia. Lakini mwaka ule Bi. Hillary Clinton alimzidi Bw. Donald Trump kwa kura karibu milioni 2.9, na aliyeapishwa ni Bw. Trump. Mwaka 2000 Bw. Al Gore naye alimzidi Bw. George Bush kwa kura zaidi ya nusu milioni, akakosa. "Je, Mwalimu, huo si wizi?"

Wizi haukuwapo. Sheria ilifuatwa. Lakini jibu hilo halimtoshi mtu anayetaka kujua kama sheria yenyewe ni ya haki, na hapo ndipo ningependa tukae kidogo, ndugu wasomaji. Swali hili lina mizizi mirefu kuliko uchaguzi wowote mmoja, na tawi lake moja linafika mpaka kwetu.

Ugumu wake ni huu. Katika jamhuri iliyoundwa kwa nchi kadha kuungana, usawa una nyuso mbili. Uso mmoja wasema: kila mtu ahesabiwe mmoja. Uso wa pili wasema: kila nchi iliyoingia katika muungano ihesabiwe moja. Maneno yote mawili ni mazuri, lakini hayawezi kutimizwa yote katika kura moja. Ukihesabu vichwa, nchi ndogo humezwa. Ukihesabu nchi, mtu wa nchi kubwa hupunguzwa akawa robo ya mtu, au sehemu ya kumi, au chini ya hapo.

Wajumbe waliokutana Philadelphia mwaka 1787 kuandika Katiba ya Marekani nusura wavunje mkutano kwa ajili ya jambo hili. Virginia ilikuwa kubwa kuliko zote. Hesabu ya watu ya mwaka 1790 iliipa watu kiasi cha 748,000, na karibu 293,000 kati yao walikuwa watumwa. Delaware ilikuwa na watu kama 59,000 tu. Tarehe 30 Juni, James Wilson wa Pennsylvania aliuliza kama serikali wanayoiunda ni ya wanadamu, au ni ya vitu vya kuwazika tu viitwavyo majimbo. Siku hiyo hiyo Gunning Bedford wa Delaware aliwaambia wakubwa usoni pao kwamba hawaamini, na kwamba wadogo wakisukumwa mno watatafuta rafiki wa nchi ya nje atakayewashika mkono. Maneno mazito hayo, miaka minne tu baada ya amani na Uingereza!

Tarehe 16 Julai wakapatana, kwa kura za majimbo matano dhidi ya manne, huku Massachusetts ikigawanyika yenyewe. Baraza la Wawakilishi lihesabu watu. Baraza la Seneti litoe viti viwili kwa kila jimbo, kubwa kwa dogo. Baadaye ikakubaliwa kwamba Rais naye achaguliwe na wajumbe wa uchaguzi, ambao kila jimbo hupewa kwa kujumlisha viti vyake vya mabaraza yote mawili. Toka hapo ndipo yalipotokea ya mwaka 2000 na ya mwaka 2016.

Sasa, mimi simlaumu Bedford. Delaware ilikuwa na bunge lake, sheria zake na mahakama zake kabla ya mkutano ule. Iliombwa iweke sehemu ya enzi yake mezani pamoja na wengine, na mwenye kuombwa hivyo ana haki ya kuuliza atalindwaje kesho. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Sisi tulio Bara tusicheke haraka mambo ya Delaware. Jamhuri yetu si shirikisho kama la Marekani, lakini nayo ilizaliwa tarehe 26 Aprili 1964 kwa nchi mbili zisizolingana kuungana. Katika sensa ya mwaka 2022 tulikuwa watu 61,741,120, na Zanzibar walikuwa 1,889,773, yaani watu watatu hivi katika kila mia. Katika Bunge la Muungano, majimbo ya uchaguzi yaliyopangwa kwa ajili ya mwaka 2025 yalikuwa 272, na 50 kati yake ni ya Zanzibar: zaidi ya moja ya sita. Nimesikia watu wazima, tena wasomi, wakinung'unika juu ya hesabu hiyo. Mimi huwaomba watazame kwanza kifungu cha 98 cha Katiba yetu ya mwaka 1977, ambacho hutajwa mara chache zaidi. Mambo fulani ya msingi wa Muungano hayawezi kubadilishwa mpaka ipatikane theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Hapo Zanzibar haiwatawali watu wa Bara hata kidogo. Inazuia tu kubadilishiwa nyumba yake usiku akiwa amelala mwenye nyumba. Hiyo ndiyo ngao.

Viti hamsini ni jambo la pili, na hapo naona Mtanzania mwema wa upande wowote aweza kubishana bila kuvunja udugu. Mbunge kutoka Pemba hupiga kura katika mambo ya Bara yasiyo ya Muungano, kama vile shule za msingi za Dodoma, na sisi hatupigi kura katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Kwa upande wao, Wazanzibari hujibu kwamba sauti tatu katika mia zisingesikika kabisa katika yale mambo ya Muungano yanayowagusa. Wote wawili wana hoja. Nataja jambo hili ili tujue kwamba tunapowapima Wamarekani, mizani ile ile tunayo nyumbani.

Tofauti ninayotaka kuishika ni hii: kumpa mdogo uwezo wa kuzuia asidhurike ni jambo moja, kumpa uwezo wa kuwaamulia wengi mambo yao ni jambo lingine. Ya kwanza ni ngao. Ya pili ni mkuki.

Nilipokuwa mwanachuo katika chuo cha ualimu miaka ya themanini, tulikuwa na mabweni manne. Matatu yalikuwa ya wanaume, karibu mia moja kila moja, na moja la wanawake, ambao hawakuzidi thelathini na watano. Serikali ya wanachuo ndiyo iliyopanga zamu za maji, na maji yalikuwa ya shida. Kura zilipohesabiwa kwa vichwa, zamu ya wanawake iliangukia saa nane za usiku, juma baada ya juma. Hatimaye walidai kila bweni liwe na wawakilishi wawili, na Mwalimu wa zamu akawaunga mkono. Tukakubali, na zamu zikanyooka. Mwaka uliofuata bweni moja la wanaume lilikarabatiwa na fundi akajenga ukuta katikati. Bila kuchelewa, waliokaa humo wakadai kwamba sasa wao ni mabweni mawili, wapewe wawakilishi wanne! Mjadala ulichukua jioni nzima, na taa ya kandili ilizimika mara mbili. Mwenzetu mmoja wa kutoka Kigoma ndiye aliyeumaliza. Alisema: "Ukuta huu ameujenga fundi. Ninyi ni wale wale." Wakakosa.

Huko Marekani waliojenga ukuta walipata. Majimbo kumi na matatu ya kwanza yalikuwa nchi zilizoungana, lakini mengi yaliyofuata yalichorwa kwa rula na Bunge lao lenyewe juu ya ardhi waliyokwisha kuinyang'anya makabila ya wenyeji. Nevada iliingizwa tarehe 31 Oktoba 1864, siku chache tu kabla ya uchaguzi wa Rais. Hata mwaka 1890 ilikuwa na watu 47,355 tu, nayo ikawa na maseneta wawili sawa na New York. Mwaka 1889 eneo la Dakota lilikatwa vipande viwili, Kaskazini na Kusini, na chama kilichotawala wakati ule kilijua vizuri kwamba vipande viwili ni maseneta wanne. Mwaka 1890 ikafuata Wyoming. Hakuna mtu aliyekuja Philadelphia na enzi ya Wyoming mkononi akaiweka mezani.

Tazameni basi matokeo. Kwa hesabu ya mwaka 2020, California ilikuwa na watu 39,538,223 na Wyoming 576,851. Kila moja ina maseneta wawili. Mwaka 1790 Virginia iliizidi Delaware kama mara kumi na tatu. Sasa mkubwa anamzidi mdogo kama mara sitini na nane. Majimbo ishirini na sita yaliyo madogo kuliko mengine, ambayo kwa pamoja yana zaidi ya nusu ya viti vya Seneti, hayafikishi moja ya tano ya watu wote wa majimbo. Na Seneti hiyo hailindi mipaka ya majimbo tu. Huthibitisha majaji wa Mahakama ya Juu wanaokaa maisha yao yote, huridhia mikataba na mataifa, na sheria yoyote ya kodi, ya vita au ya hospitali haipiti bila yake. Huo si ngao tena.

Lakini kuna jambo ambalo mimi naliona baya zaidi kuliko kutolingana kwa majimbo, nalo ni kumhesabu mtu bila kumpa sauti. Katika mapatano yale yale ya mwaka 1787 iliandikwa kwamba katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Wengine hudhani kwamba ubaya wa kifungu hicho ni kumfanya mtumwa awe sehemu ya mtu. Ubaya wake ulikuwa mkubwa kuliko huo. Mtumwa hakupiga kura hata moja. Hesabu yake ilimwongezea viti bwana wake, na viti hivyo vikatumika kumweka mtumwa kifungoni. Kama asingehesabiwa kabisa, ingalikuwa afadhali kwake.

Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, lakini hila hiyo haikufa. Bunge la jimbo la Alabama lilikuwa na seneti yake ndogo, na viti vyake havikugawanywa upya kwa miaka sitini. Wilaya ya Jefferson, penye jiji la Birmingham, ilikuwa na watu zaidi ya 600,000 na seneta mmoja. Wilaya ya mashamba ya Lowndes ilikuwa na watu kama 15,400, na seneta mmoja. Waliotetea hali hiyo walisema wanalinda watu wadogo wa shamba wasimezwe na mji. Wadogo gani? Katika Lowndes, watu wanne katika kila watano walikuwa Weusi, na mwanzoni mwa mwaka 1965 hakuna Mweusi hata mmoja aliyekuwa katika daftari la wapiga kura. Kiti kile kilikuwa cha Wazungu wachache wenye ardhi.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuuvunja ugawaji huo mwaka 1964. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika, kwa ufupi, kwamba mbunge huwakilisha watu, wala hawakilishi miti na ekari. Lakini hukumu haimwingizi mtu katika daftari. Kazi hiyo ilifanywa kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na mmoja wa walioifanya alikuwa wa Kanisa letu.

Jonathan Daniels alikuwa mwanafunzi wa theolojia wa Kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wenzetu wa Marekani. Alikuja Alabama mwezi wa Machi 1965 kwa wito wa Dk. Martin Luther King, na wenzake waliporudi chuoni, yeye alirudi Alabama kusaidia watu kujiandikisha. Tarehe 14 Agosti alikamatwa na wengine katika maandamano pale Fort Deposit, wakafungwa katika gereza la Hayneville, ndani ya Lowndes. Tarehe 20 walifunguliwa ghafla. Akaenda dukani pamoja na wasichana wawili Weusi na padre mmoja wa Kikatoliki wanunue kinywaji baridi. Mlangoni alisimama Mzungu mwenye bunduki, akamwelekezea Ruby Sales, msichana wa miaka kumi na saba. Daniels akamsukuma binti kando, na risasi ikampata yeye. Alikuwa na miaka 26. Baraza la wazee wa mahakama, wote Wazungu, lilimwachilia aliyeua. Kanisa lao humkumbuka kila tarehe 14 Agosti.

Nimelisimulia hilo kwa urefu kwa sababu mjadala wa viti na asilimia huweza kutupumbaza tukaona ni hesabu tu za ubaoni.

Watetezi wa mpango wa Marekani wana hoja moja ambayo haifai kupuuzwa. Wanasema: mkihesabu vichwa vitupu, mgombea ataishi katika miji mikubwa tu, na mkulima wa ngano au mfuga ng'ombe hatamwona kamwe. Mimi niliyefundisha vijijini naielewa hofu hiyo. Najua jinsi gari la mheshimiwa linavyoishia penye lami. Ila mpango wenyewe haumleti mgombea kwa mkulima. Isipokuwa Maine na Nebraska, kila jimbo humpa wajumbe wake wote wa uchaguzi yule aliyeshinda humo, hata kama ni kwa kura chache. Kwa hiyo wagombea hukimbilia majimbo machache yasiyo na uhakika, na Wyoming iliyokwisha kujulikana itapigaje kura huachwa pamoja na wakulima wake. Mwaka 2020 Bw. Trump alipata California kura zaidi ya milioni sita, nyingi kuliko alizopata katika jimbo lingine lolote, Texas ikiwemo. Zilimpatia mjumbe sifuri. Miongoni mwa watu hao walikuwamo wakulima na watu wa miji midogo, wale wale tunaoambiwa kwamba wanalindwa.

Kwa hiyo naona Rais achaguliwe kwa vichwa. Rais si wa majimbo. Amri zake humfikia kila mtu mmoja mmoja, na wamchague hivyo hivyo. Seneti yenye usawa wa majimbo ningeiacha, lakini ningeifunga katika mambo yanayoyagusa majimbo kama majimbo: Katiba, mipaka na madaraka yao. Huenda msomaji mwingine angekata mahali pengine.

Kulitekeleza ni kazi nyingine. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 338 dhidi ya 70, rekebisho la Katiba la kumchagua Rais moja kwa moja. Lilipofika Seneti mwaka 1970, maseneta wa Kusini na baadhi ya majimbo madogo walilizuia kwa hotuba zisizokwisha. Kura ya kufunga mjadala ilipata 54 kwa 36, nyingi kuliko nusu, lakini sheria ilidai theluthi mbili. Likafa hapo. Tangu mwaka 2006 watu wamejaribu njia ya pembeni: majimbo hukubaliana kuwapa wajumbe wao yule aliyeongoza kura za nchi nzima, mapatano yaanze pale wajumbe watakapofika 270. Kufikia mwaka 2024 yalikwisha kujiunga majimbo 17 na mji wa Washington, yenye wajumbe 209. Ama viti vya Seneti, kifungu cha tano cha Katiba yao chasema hakuna jimbo litakalonyimwa usawa huo bila ridhaa yake lenyewe. Wyoming itaridhia lini? Wazee wa mwaka 1787 waliufunga mlango huo na funguo wakaitupa baharini.

Mji wa Washington wenyewe si jimbo. Wakaaji wake walikuwa 689,545 katika hesabu ya mwaka 2020, zaidi ya Wyoming, tena zaidi ya Vermont, na kwa miaka mingi wengi wao walikuwa Weusi. Hulipa kodi kwa serikali kuu, na vijana wao wamekufa vitani kama wa wengine. Kura ya kumchagua Rais waliipata mwaka 1961. Katika Seneti hawana mtu, na katika Baraza la Wawakilishi wana mjumbe mmoja asiyepiga kura ya mwisho juu ya mswada wowote. Mswada wa kuufanya mji huo uwe jimbo ulipita katika Baraza hilo mwaka 2020 na tena mwaka 2021. Seneti haikuupigia kura. Tangu mwaka 2000 vibao vya namba vya magari yao huandikwa kwamba wanatozwa kodi bila kuwakilishwa, lalamiko lile lile ambalo babu zao wa Boston walimpelekea Mfalme wa Uingereza.